Ufagio Uliosimama Kichwa Chini

Mwanangu Mwanahawa,

Umetoka kwenda kuaga, na najua utazizunguka nyumba zote za mtaa wetu wa Dunda mpaka magharibi, isipokuwa moja. Nimekuona ulivyopita mlangoni kwa bibi yako, hapo jirani. Ulivuta kanga usoni, ukatazama upande wa pili kama mtu anayekwepa jua. Yeye alikuwa barazani anachambua mchele. Aliinua kichwa, akakuona, akakiinamisha tena kwenye ungo. Mimi nilikuwa dirishani, na sikuita.

Ndiyo maana nimekaa kuandika. Mambo ya nguo nzito, ya chakula kipi ule na kipi uache, umeshaambiwa na walimu na shangazi zako, na wewe si mtoto. Mimi nina jambo moja ambalo kwa mdomo limenishinda miaka tisa. Kila nilipolianza nilijikuta nimeingia kwenye habari za Japani, nawe ukakaa mkekani kunisikiliza, basi likapita.

Hizo habari umezihifadhi kuliko mimi. Ulipoulizwa kwenye usaili kwa nini unataka kwenda kusomea utiaji rangi wa nguo Japani na si kwingine, uliwasimulia hadithi zangu. Ukawaambia jinsi Mama Fumi alivyokuwa akivigeuza viatu vyangu mlangoni vitazame nje, ili nikitoka nivae tu. Ukawaambia jinsi wanavyofunga tunda moja kwenye kitambaa kama wanafunga dhahabu. Ulirudi unacheka, ukasema, “Mama, yule mzee wa pembeni aliweka kalamu chini akawa ananisikiliza tu.” Nafasi hiyo umeipata kwa akili yako, lakini na maneno yangu yalikuwemo. Sasa una anwani ya Mama Fumi kwenye mkoba, na mkeka niliokushonea umeukunja uende ukampe, umwambie, mimi ndiye mtoto wa yule mgeni uliyemlilia siku ya kuondoka.

Usiende. Mama Fumi hakunililia.

Nianze mwanzo, maana nataka uelewe, sitaki unihurumie.

Nilikuzaa nina miaka kumi na sita. Ulipofika miaka minane nilikuwa na ishirini na nne, baba yako ameshaniacha, nimerudi kwa mama yangu na kapu la nguo. Bibi yako ndiye aliyekulea. Wewe ulikuwa ukimwita yeye mama, na mimi ukiniita jina langu kama vile mimi ni dada yako. Watu walicheka, hata mimi nilicheka, ila niliumia. Alfajiri nilichota maji, mchana nilisuka ukili wa mikeka, jioni niliambiwa nilichokosea. Bibi yako hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama wa mtu mwenye mtoto, na nyumba moja ikiwa na mama wawili kuna mmoja hufanywa mtoto.

Mkoa ulipotaka wasukaji mikeka watatu wa kwenda kwenye maonyesho ya mataifa Japani, nikachaguliwa kwa sababu ya mkono wangu. Usiku wa kuondoka kwangu niligombana na bibi yako. Kitu kidogo tu, nadhani ni nguo zako. Nikamwambia neno moja ambalo nataka ulisome polepole. Nilimwambia, “Huyu ni mwanangu, si wako. Usimpeleke hospitali, usimpeleke kwa fundi, usimpeleke popote bila mimi kuandikiwa na kukubali.” Bibi yako aliniangalia. Akasema, “Haya, mama mtu. Nimesikia.”

Huko maonyesho tulikaa miezi sita. Kazi yetu ilikuwa kukaa juu ya jukwaa na kusuka, watu wapite watutazame. Na watu wa kule wanaujua mkeka, Mwanahawa. Nyumba zao zimetandikwa mikeka ukuta kwa ukuta, hawaikanyagi na viatu. Walikuwa wakisimama mbele yangu kimya, wanatazama vidole, halafu wanainama kabla ya kuondoka. Mimi, ambaye kwetu nikimaliza mkeka naambiwa pindo limekwenda upande.

Mama Fumi alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane, mtu mzima kidogo kuliko bibi yako, nyumba yake iko Kyoto, mji wao wa zamani. Alikuja mara nne. Mara ya nne alikuja na Noriko, msichana wa chuo aliyekuwa mkalimani wetu, na kwa mdomo wa Noriko akasema: maonyesho yakiisha, kabla hujarudi kwenu, karibu nyumbani kwangu upumzike.

Nikasema ahsante, nitakuja.

Baadaye Noriko aliniuliza, “Dada, kweli utakwenda?” Nikamwambia, mtu akikukaribisha kwake utaachaje kwenda, si utakuwa umemtukana? Noriko akasema, “Ndiyo. Sawa.” Nawe ukifika kule utajifunza kuiogopa hiyo “ndiyo, sawa.”

Siku nne kabla ya ndege yetu, ikaja barua ya mjomba wako Shabani. Aliandika: Mwanahawa ana surua, homa imepanda, anauliza utarudi lini. Niliisoma mara mbili. Halafu nikajiambia, surua kila mtoto huugua, na bibi yake yupo. Nikaikunja. Jioni nikaenda kwa mkuu wa msafara wetu, nikamwambia nimepata mwenyeji wa kunifundisha ususi wa kijapani, nitafuata na wale wa mizigo watakaoondoka baadaye. Akaniuliza, “Huna mtoto wewe?” Nikamjibu, “Yuko na mama yake.”

Hivyo ndivyo nilivyosema. Yuko na mama yake.

Kwa hiyo ile habari kwamba serikali ilikosa ndege ya kutuleta sote, niliitunga mimi ndani ya meli ya kunirudisha. Ndege ilikuwepo. Kiti changu kilirudi kitupu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa kwa Mama Fumi, na nitakuambia ukweli mpaka pale unapopendeza, maana ulipendeza. Kila jioni alinichemshia maji ya kuoga kwenye pipa la mbao. Unajisugua kwanza nje ya pipa mpaka unatakata, ndipo unaingia na kuzama mpaka shingoni, umekaa tu, hakuna anayekuita. Sijawahi kukaa maishani mwangu bila kuitwa. Chakula kililetwa kwenye vibakuli vidogo, kila kimoja na rangi yake, na alipokiweka alikizungusha kidogo ili upande wenye ua unitazame mimi. Hakuna sauti iliyopanda. Hakuna aliyenikosoa. Nilivunja kibakuli, akaniomba radhi yeye.

Nikajiambia, hawa ndio watu. Kumbe nilichokipenda ni kuwa mgeni. Mgeni huonyeshwa sebule. Ukitaka kuipenda nchi kweli, subiri kwanza ikununie, uone kama bado unaitaka. Mimi sikusubiri. Nililala kwenye mkeka wa watu nikatamani nisiwe na mtu yeyote duniani. Nawe nakuhesabu humo. Ulikuwa na homa, na mimi nilikuwa nakuhesabu humo.

Nilialikwa siku tatu. Siku ya nne niliamka mapema nikajipa kazi, kama tulivyolelewa sisi, kwamba mgeni akizoea anashika kazi ili asiwe mzigo. Nyuma ya mlango nikaukuta ufagio umesimamishwa kichwa chini, mpini chini, manyoya juu, na juu ya manyoya wameutupia kitambaa cheupe. Nikacheka peke yangu. Nikasema, watu hawa kwa unadhifu, hata ufagio wameuvika kilemba. Nikakiondoa kitambaa, nikakikunja vizuri, nikafagia nyumba na ua wote mpaka njiani. Mama Fumi alitoka akasimama mlangoni. Akainama. Nami nikainama, maana nilishajifunza. Nikaona tumependana.

Kesho yake ufagio uko vilevile, kichwa chini, kitambaa juu. Nikafagia. Kesho kutwa vilevile. Nilifagia kwa ufagio ule mwezi mzima, Mwanahawa, kila siku nauvua kilemba, na kila siku Mama Fumi ananishukuru.

Ndani ya mwezi huo, wiki ya pili, Noriko aliniletea barua nyingine. Ya Shabani tena. Hii naikumbuka neno kwa neno kwa sababu haikuwa ndefu. “Surua imepona ila sikio la kushoto linatoa usaha na mtoto analia usiku. Mama anauliza ampeleke Dar au akusubiri? Anasema ulimkataza. Jibu upesi.”

Noriko alisubiri. Akasema, “Dada, kama unataka kupeleka simu ya maandishi, posta iko hapo chini, nitakusaidia.” Nikamwambia, si kitu, salamu tu za nyumbani.

Nilijua nikijibu watajua barua imenifikia. Wakijua imenifikia, wataniuliza kwa nini sirudi. Basi sikujibu. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta miaka tisa sababu iliyo nzuri kuliko hiyo, sijaiona.

Bibi yako alisubiri jibu la mama mtu. Alipokuwa akisubiri alifanya alichoweza ndani ya amri yangu: mafuta ya nazi ya uvuguvugu na kitunguu saumu, matone mawili asubuhi, mawili jioni. Mwisho alivunja amri akakubeba mgongoni, mtoto wa miaka minane, mpaka kwenye gari la Dar. Daktari alisema mngekuja wiki tatu nyuma lingepona. Yale mafuta hayakukuua sikio. Zile wiki tatu ndizo, na zilikuwa zangu.

Nawe unataka kujua nilirudi lini na kwa nini. Uliwahi kuniuliza, nikakuambia nilishindwa kuvumilia kukaa mbali nawe. Ulinikumbatia kwa jibu hilo. Nisamehe kwa kumbatio lile, maana nililiiba.

Ilikuwa hivi. Noriko alikuja siku moja asubuhi, uso umemwiva. Alinikuta uani nafagia. Akautazama ufagio, akakitazama kitambaa nilichokikunja juu ya jiwe, akafunika mdomo.

“Dada, huo ufagio umeukuta wapi?”

“Nyuma ya mlango. Wanausimamisha kichwa chini, sijui kwa nini. Labda usichakae.”

 Akasema, akiwa anatazama chini, “Ni desturi ya wazee. Mgeni akikaa sana, ufagio unageuzwa na kufunikwa kitambaa. Ni dua ya kwamba aondoke.”

Nikamuuliza, tangu siku ya nne? Akasema hajui siku. Mtoto wa kiume wa Mama Fumi ndiye aliyempigia simu amwombe aje aongee nami, kwa sababu mama yake amekonda, hatoki nyumbani, hana pa kuwapokea jamaa zake, na hawezi kumwambia mgeni aende.

Niliondoka siku ileile. Mama Fumi alinifungia matunda matatu kwenye kitambaa, akavigeuza viatu vyangu, akatoka mpaka njiani akainama. Nilipofika pembeni nikageuka, bado ameinama. Nikageuka tena, bado. Nikajaribu kujiokoa, nikamwambia Noriko, “Lakini tazama, kama hanipendi angeinama hivyo?”

Noriko alikuwa msichana mpole, na upole ulikuwa umemchosha siku ile. Akasema, “Dada, tunainama mpaka mtu asionekane. Wiki iliyopita aliinama hivyohivyo kwa fundi wa paa.”

Kwa hiyo, mwanangu, sikurudi kwa ajili ya sikio lako. Barua ya sikio lako nilikuwa nayo wiki tatu. Nilirudi kwa ajili ya ufagio. Kama mama yule angekuwa na roho ngumu zaidi kidogo, au asingekuwa na mtoto mwenye simu, sijui ningekaa mpaka lini.

Usimchukie. Hakuna alichonikosea. Alikaa mwezi mzima na mtu asiyemjua na hakumwonyesha uso mbaya hata siku moja, na mimi nilikuwa sina aibu. Adabu yao ni ya kweli na uzuri wao ni wa kweli, utauona, utakuvuta kama ulivyonivuta. Nakuomba tu, ukikaribishwa, muulize mtu wa kule kama umekaribishwa kweli, na kwa siku ngapi. Na wanapokuinamia, usidhani umepata mama.

Niliporudi Bagamoyo ulikuwa umekaa ukumbini, pamba sikioni. Ulinikimbilia, na kwa mara ya kwanza ukaniita mama. Bibi yako alisimama nyuma yako. Usiku ule nilimwambia yote, kama ninavyokuandikia. Nilitaka anipige. Badala yake akasema, “Usimwambie. Ameshapoteza sikio, asipoteze na mama. Akiuliza, mwambie ni mafuta yangu. Mimi ni mzee, atanichukia kidogo kisha atasahau.”

Nikakubali. Nilikubali upesi mno, hilo ndilo linaloniamsha.

Hukumchukia kidogo, wala hukusahau. Watoto walipokuita kiziwi shuleni ulirudi ukaniuliza, nani aliniharibu sikio, nami nikasema, “Bibi yako alifanya alilolijua.” Nililisema kwa sauti laini, kwa adabu. Siku ulipomwambia bibi yako, “Usiniguse na mikono yako ya mafuta,” ulikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa uani nashona mkeka. Nilisikia vizuri. Sindano haikusimama. Tangu hapo humwamkii, mbele ya watu wala pembeni ya watu, na mtaa mzima unasema mjukuu wa yule bibi hana malezi. Na yeye akisikia hujibu, “Mwacheni, ana sikio bovu, hajanisikia napita.”

Mimi nimekaa kati yenu miaka hii yote nikipokea mapenzi ya watu wawili. Wewe ulinipenda mimi kwa sababu nilirudi. Yeye alinipenda kwa sababu alinizaa. Nilikuwa na raha, Mwanahawa. Sitaki udhani nilikuwa nikiteseka kila siku. Siku nyingi nilikuwa na raha.

Leo ulipopita mlango ule na kanga usoni, nikajua kesho ukipanda ndege hali hii itakuwa imekwisha hivyohivyo ilivyo. Yeye hatafika mwaka mwingine, kifua chake nakisikia usiku kutoka huku. Wewe utampelekea Mama Fumi mkeka, na aliyekubeba mgongoni mpaka garini hujampa hata shikamoo.

Basi nimeshafanya jambo, na nakuarifu tu. Lori la chumvi la mjomba wako Shabani mbele linachukua watu wawili na dereva. Tulikubaliana nikusindikize mimi. Alasiri, ulipokuwa umeingia kwa kina Mwanaisha, nilikwenda kwa bibi yako nikamwambia kiti ni chake.

Alikataa. Alisema, “Unataka nimharibie safari? Atakaa na mimi mpaka Dar kwa lipi?”

Nikamwambia nimekuandikia yote.

Aliacha mchele. Nilidhani atafurahi. Alikasirika, mwanangu, sijamwona hivyo tangu utoto wangu. Akasema, “Miaka tisa nimekubebea hili, leo unalitua kichwani kwa mtoto siku ya safari, upate usingizi wewe.” Ni kweli alivyosema. Nalitua ili nipate usingizi. Lakini pia ni kweli kwamba ni lako. Nilisimama pale mpaka akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, lori linaondoka saa ngapi.

Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako ukirudi kutoka kuaga, uisome kabla ya chakula, ukiwa na usiku mzima wa kunichukia. Mkeka utoe kwenye mzigo. Anwani ichane.

Saa kumi na mbili asubuhi bibi yako atakuwa mlangoni, amevaa. Atajifanya amekuja kwa shughuli nyingine. Mwamkie wewe kwanza.

Mimi nitakuwa chumbani. Nimechoka, Mwanahawa, na nakupenda, lakini hayo mawili yasikufanye uje kuniaga. Ukitaka kuingia, ingia hata kama ni kunitukana, nitakusikiliza mpaka umalize. Kama moyo wako haunitaki, usiingie kunibusu mkono kwa ajili ya macho ya watu. Nimeshakaa mwezi mzima kwenye nyumba ya mtu aliyeshindwa kuniambia toka. Wewe niambie. Usipofungua mlango wangu nitakuwa nimesikia, na nitasubiri mpaka lori limalize kona ndipo nitoke kufagia.

Mama yako